"Mwenye Nguvu Mpishe" Si Sayansi

Tumezoea kumtaja Darwin vibaya, na tunamtaja dhidi ya wenzetu. Kijana amemaliza chuo, mwaka wa tatu huu anazunguka na bahasha ya vyeti. Mhamasishaji anapanda jukwaani na kumwambia kwamba dunia ni mapambano, wenye nguvu ndio huishi, na hata sayansi imethibitisha. Ukumbi unapiga makofi. Ukiyavua maneno hayo suti yake, yanasema kwamba asiye na kazi amekosa kazi kwa sababu ni dhaifu wa kuzaliwa. Nasoma shahada ya uzamili katika biolojia, na sijaona popote sayansi ilipothibitisha jambo hilo.

Tuanze na usemi wenyewe. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilipotoka mwaka 1859, usemi huo haukuwamo. Aliyeuandika ni mwanafalsafa Mwingereza, Herbert Spencer, mwaka 1864. Darwin aliuazima baadaye, katika toleo la tano la kitabu chake, mwaka 1869. Na neno walilotumia lina maana ya anayefaa, wala si mwenye nguvu. Kiswahili kinatofautisha maneno hayo mawili vizuri kabisa. Sisi ndio tumeyachanganya. Koti la mvua linafaa wakati wa masika. Jua likiwaka linageuka mzigo, ingawa ni koti lile lile.

Mfano wa kweli tunao katika damu zetu. Mtoto akirithi jeni ya sikoseli kwa baba na kwa mama, anaugua, na ugonjwa wake ni wa mateso. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haumwi, na tena anapata kinga dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wa jambo hili mwaka 1954. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea katika mwambao wa Ziwa Victoria na pwani, kwenye mbu wengi, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Je, jeni hiyo ni bora au ni duni? Swali halina jibu mpaka useme ni wapi.

Tazama pia vimelea vya malaria vyenyewe. Klorokwini ilipotumika kwa miongo mingi, vimelea sugu vilitamalaki. Malawi ikaacha kuitumia mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa dawa ile ile ilikuwa inaponya tena karibu wagonjwa wote waliopewa mjini Blantyre. Dawa ilipoondoka, usugu ulibaki gharama isiyo na faida, na vimelea vya kawaida vikarudi kushika nafasi. "Mshindi" wa jana hakushindwa kwa uvivu. Wizara ilibadilisha dawa, na mazingira yakabadilika.

Basi anayesema kwamba aliye juu yuko juu kwa sababu maumbile yamemchagua, anaficha swali muhimu: mazingira hayo kayapanga nani? Kijana aliyesoma darasa la watoto 100 bila vitabu, na mwenzake ambaye mjomba wake anakaa kwenye kamati ya usaili, hawakukutana porini. Walikutana kwenye bajeti, sera na simu zilizopigwa usiku. Hapo hakuna uteuzi wa asili. Kuna uteuzi, basi.

Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuuogopa usemi huu. Francis Galton, binamu wa Darwin, alibuni mwaka 1883 jina la yujeniki, yaani mradi wa kuboresha vizazi vya watu kama mfugaji anavyochagua madume ya ng'ombe. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Kinara wao, H. L. Gordon, alikuwa daktari katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake, F. W. Vint, alipima ubongo wa Waafrika waliofariki, na mwaka 1934 akaandika kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya umefikia ukuaji wa ule wa mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Hizo hazikuwa porojo za baa. Zilichapishwa katika jarida la kitaaluma, na zilitumika kuhoji kama kuna haja ya kumsomesha Mwafrika. Waliopimwa ni babu zetu. Leo wajukuu zao wanachukua rula ile ile na kuwapimia wamachinga.

Wapo watakaosema dawa ni kumtupa Darwin pamoja na mizigo yake. Mwenyewe hakuwa malaika: mwaka 1871 aliandika kwamba anatarajia watu "waliostaarabika" kuwafuta duniani watu "washenzi". Hilo tulikatae waziwazi. Lakini nadharia ya mageuko hatuwezi kuitupa, kwa sababu bila hiyo hatuelewi usugu wa dawa, na wagonjwa wanaolipia ujinga huo wako kwenye zahanati zetu. Sayansi inaeleza yanavyotokea mambo. Haimpi mtu ruhusa ya kuyaacha yatokee. Daktari anayejua jinsi sikoseli inavyorithiwa hamwachi mtoto afe ili maumbile yamalize kazi yao.

Kwa hiyo siku mhamasishaji akikwambia wanaofaa ndio wanaobaki, usipige makofi haraka. Nyosha mkono. Muulize: wanafaa kwa lipi, wapi, na nani aliyeyapanga mazingira hayo? Kama hana jibu, basi amekuletea msemo wa zamani wa mitaani, mwenye nguvu mpishe, na wewe hulazimiki kumpisha.