Tusiuze shamba kulipia ugonjwa unaokwepeka

MKULIMA akiona ng'ombe wake kakataa kula, humwita bwana mifugo siku hiyo hiyo. Mwili wake mwenyewe ukianza kumsumbua, husubiri mavuno yapite kwanza. Mfanyabiashara mdogo naye husubiri sikukuu ziishe, maana hawezi kufunga genge wakati wateja ndiyo wanaanza kuja.

Subira hiyo ilikuwa na hasara hata kwa malaria, lakini malaria ikitibiwa mapema huisha. Kisukari na shinikizo la damu ni mambo mengine. Huingia kimya kimya, na mtu anaweza kuishi navyo miaka kadhaa bila maumivu, akidhani uchovu wa jioni ni wa jembe. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kwamba miongoni mwa Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64, karibu asilimia 9 walikuwa na kisukari na takriban robo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Hao ndio wenye umri wa kulima, kuchuuza na kusomesha.

Kwa jicho la mahesabu, magonjwa haya ni sawa na mkopo usio na tarehe ya mwisho wa marejesho. Kila mwezi kuna vidonge, nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Mgonjwa akilegea katika dawa, gharama hupanda kwa kishindo. Kisukari kinapoua hisia za miguu, mkulima hujikata na jembe au hukanyaga mwiba asisikie, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Figo zikishindwa kazi, usafishaji wa damu kwa kawaida huhitajika mara tatu kwa wiki. Ni familia chache za vijijini zinazoweza kubeba mzigo huo bila kuuza ng'ombe, kisha bati za nyumba, kisha shamba lenyewe.

Ndiyo maana matangazo ya tiba ya mkato hupata wateja wengi minadani. Wasomaji wanakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila. Kikombe kiliuzwa Sh500 tu. Lakini ongeza nauli, chakula cha njiani na siku za kulala katika foleni ya magari, uone kikombe hicho kiligharimu kiasi gani. Wapo walioacha vidonge vyao baada ya kunywa, na hasara ya hao haihesabiki kwa shilingi.

Tusieleweke kwamba tunadharau miti shamba. Metformin, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, chimbuko lake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Muhimbili wamekuwa na kitengo cha kuchunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, na Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, ambayo iliunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Kwa hiyo mlango wa kuunganisha tiba ya hospitali na ya asili umekwisha kufunguliwa. Tatizo ni yule muuzaji wa chupa isiyo na lebo, asiyejulikana kwa baraza wala kwa mganga mkuu wa wilaya, anayemwambia mteja atupe vidonge. Hakuna mkulima makini anayenyunyizia viwavijeshi dawa asiyoijua jina wala kipimo. Kwa nini aimimine tumboni mwake? Anayetumia mlonge au rozela amwambie daktari wake waziwazi, na daktari naye asimfokee. Mgonjwa akifokewa leo, kesho ataficha.

Hata hivyo, kinga kubwa haimo katika chupa wala katika kidonge. Huko Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa hatarini kupata kisukari, ulionyesha kwamba waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Waliopewa metformin walipunguza kwa asilimia 31. Wachina walianza utafiti kama huo mjini Da Qing mwaka 1986, na baada ya miaka 30 ikaonekana kwamba mabadiliko ya chakula na mazoezi yalichelewesha kisukari kwa wastani wa karibu miaka minne. Miaka minne bila kununua dawa ni ada ya mtoto wa sekondari.

Tukirudi nyumbani, tunalima kinga hiyo kisha tunaiuza. Mtama, uwele, ulezi, kunde na mchicha vinapakiwa kwenda mjini, na kwa fedha hiyo hiyo tunanunua sembe nyeupe, sukari, soda na mafuta ya kukaangia. Mahindi ya kilo 100 yakikobolewa, kilo 20 hadi 30 hivi, pengine zaidi, hubaki pumba. Humo ndimo zilimo nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini. Pumba hizo tunawapa kuku na ng'ombe. Ama kweli, kuku wetu wanakula vizuri kuliko sisi.

Lakini hapa wapenda dona wasikilize vizuri. Dona ya mahindi yaliyoanikwa vibaya ni hatari kuliko sembe, kwa sababu sumukuvu hujikusanya zaidi katika ganda na kiini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kumletea saratani ya ini. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo, na yaliyooza au kubadilika rangi yatolewe. Dona pia huharibika upesi kwa ajili ya mafuta ya kiini, hivyo isagwe kidogo kidogo. Mwenye mashine ya kusaga atakayewahakikishia wateja wake dona safi ya mahindi makavu atapata soko zuri mjini. Nayo dona bado ni wanga, kwa hiyo mlima wa ugali na mboga kijiko kimoja haumsaidii mtu.

Wafanyabiashara wa sokoni wana shida yao. Mkulima walau hulima, ingawa kiangazi hukaa. Mwenye genge huketi tangu alfajiri hadi usiku, mchana hula chipsi na soda, jioni hupanda bodaboda kwenda nyumba iliyo mwendo wa nusu saa. Akitembea nusu saa hiyo siku tano kwa wiki, anatimiza dakika 150 na nauli inabaki mfukoni. Chumvi nayo isizidi gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye dagaa na samaki wakavu. Kuhusu sigara hatuna la kuongeza.

Haya yote yanamhitaji mtu ajue kwanza kama anaumwa, na wengi hawaendi zahanati mpaka waanguke. Tunapendekeza kipimo kiwafuate waliko. Vyama vya ushirika vya pamba, korosho na kahawa hukusanya wanachama siku ya malipo. Uongozi uiombe zahanati ilete muuguzi mmoja na mashine ya kupimia presha, na ikiwezekana ya sukari. Foleni ya malipo ni ndefu vya kutosha, na kupima presha huchukua dakika chache tu.