Dawa "Ikimkataa" Mgonjwa: Mzio, Jeni na Wajibu wa Kiswahili

Wahenga walilonga kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Hata hivyo, yupo mgonjwa asiyeficha lolote ila amepungukiwa na neno. Aghalabu husema, "Dawa hii hunikataa." Kauli hiyo fupi hubeba mambo matatu: kinga ya mwili kuishambulia dawa, yaani mzio, kichefuchefu au kuharisha, ambayo ni athari za kando tu, na bakteria kuwa sugu hata dawa isifue dafu. Mzio mkali waweza kuua kwa dakika chache, ilhali kichefuchefu hakipaswi kumnyima mtu penisilini maisha yake yote.

Tofauti hii haiwahusu watunzi wa kamusi pekee. Mwaka 2020, watafiti walichapisha uchunguzi wa jeni za watu zaidi ya 600,000 wenye asili ya Ulaya kutoka Uingereza, Estonia na Marekani. Walibaini kuwa aina ya jeni iitwayo HLA-B*55:01, ya kundi linalousaidia mwili kutambua vitu vigeni, huongeza kwa kiasi uwezekano wa mzio wa penisilini. La kuzingatiwa ni kuwa mzio uliohesabiwa humo ulitokana na kauli za wagonjwa. Nazo kauli hizo huteleza: kati ya watu kumi wanaodai kuwa na mzio huo, takriban tisa wakipimwa hupatikana hawana.

Ikiwa wenye istilahi tele huteleza hivyo, seuze mama anayehojiwa kwa Kiswahili zahanatini? Neno "mzio" limo kamusini, lakini halijafika dirisha la dawa. Vivyo hivyo, asemaye "imo katika damu yetu" humzuilia mwanawe dawa bure, kwani jeni huongeza uwezekano tu, haitoi hukumu.

Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi nchini Kenya. Urasmi huo hautakuwa na maana wanafunzi wa Kiswahili wakitosheka kuunda istilahi na kuziacha maktabani. Wanapaswa kuketi na wauguzi na kusanifu maswali mepesi: Je, ulitokwa na vipele? Midomo ilivimba? Pumzi zilibana? Ilikuwa muda gani baada ya kumeza dawa?

Jeni za Waafrika bado hazijachunguzwa vya kutosha. Siku watakapoulizwa, majibu yao yatakuwa ndiyo data. Ole wa utafiti utakaojengwa juu ya "ilinikataa."