Hadaa ya Jino la Kumi na Tano

Imeenea miongoni mwa waendesha pikipiki wa pwani yetu, na hasa wale wachukuao abiria na vifurushi katika barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Voi na mbele yake, itikadi kwamba mtu akitoa sproketi ya mbele yenye meno 14 akatia ya meno 15, injini itazunguka polepole, na ikizunguka polepole itakunywa petroli kidogo; na itikadi hii, kwa kuwa hutimizwa kwa spana mbili na fedha kidogo, imejipatia wafuasi wengi kuliko ilivyostahili.

Nusu yake ya kwanza ni sahihi, na insafu yanilazimu kuikiri. Sproketi ya nyuma ikiwa na meno 42, uwiano wa asili ni 3, na baada ya mabadiliko huwa 2.8, hata injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika itazunguka mara 5,600 kwa mwendo ule ule. Lakini nani aliyeamuru petroli ilipwe kwa hesabu ya mizunguko? Petroli hulipia kazi: kupasua upepo, kuvingirisha matairi, kupanda kilima. Pikipiki, dereva na mzigo wake vikifika kilo 250, kule kuviinua tu kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, ambako ni juu kwa takriban mita 1,700, hugharimu kiasi cha nusu lita, hata kama injini ni hodari wa kugeuza robo ya joto la petroli kuwa nguvu. Na nusu lita hiyo haisamehewi na sproketi yoyote iliyopata kuchongwa duniani.

Wapo wapinzani wenye ujuzi wa mashine ambao huja na hoja iliyo bora. Husema kwamba injini inayozunguka kasi huku dereva amefungua mafuta kidogo hupoteza nguvu kwa msuguano, na kwa taabu ya kuvuta hewa kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, na kwamba uwiano mrefu, kama huo wa 2.8, huipunguzia taabu hiyo. Ni kweli, lakini ni kweli ya pikipiki kubwa, za sentimita za ujazo 600 na zaidi, ambazo kwa kilomita 80 kwa saa huwa kama zinasinzia. Pikipiki za riziki yetu aghalabu ni za sentimita za ujazo 100 hadi 150, na kwa mwendo huo, zikiwa na abiria nyuma na gunia juu ya tangi, mkono wa dereva umekwisha kupinda karibu na mwisho wake. Mlango wa hewa u wazi, na ile taabu inayodaiwa kupunguzwa haipo. Ukiiongezea uwiano mrefu, mwinuko wa kwanza baada ya Mariakani utamlazimisha dereva kushuka gia moja, na katika gia hiyo injini itazunguka kasi kuliko ilivyozunguka katika gia ya juu kabla fundi hajaigusa. Sitaji bamba za klachi, ambazo sasa huungua kila aondokapo na mzigo.

Basi wale waapao kwamba tangi lao sasa hufika mbali zaidi, je, ni waongo? La hasha. Wengi wao wasema kweli, ila wamemshukuru asiyestahili shukrani. Mtazame fundi anapoifungua pikipiki yao: aishika cheni nyuma ya sproketi kubwa, aivuta kwa kidole, nayo yaachana na meno yaliyochongoka kama ndoana, cheni yenyewe ni kavu, imejaa vumbi la Taru, viungo vyake vingine havikunjiki. Kwa kuwa hapana akili ya kuvisha jino jipya cheni ya kale, huuziwa seti nzima, ikapakwa mafuta, ikakazwa kwa kipimo, na gurudumu likanyooshwa. Faida ya usafi huo wote huandikiwa jino la kumi na tano.

Tena pikipiki iliyofanywa nzito wa kuitika humfanya mwenyewe kuwa mpole. Yule aliyekuwa akilifukuza kila basi la Nairobi huona haifai, akaridhika na kilomita 70 kwa saa badala ya 80. Na maadamu kani ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo, upole huo peke yake humwondolea karibu robo ya kani hiyo. Angaliweza kuupata bila kulipa hata senti kwa duka la vipuri, lakini ni nadra mtu kusifu mkono wake mwenyewe kwa kutulia, ilhali kipande cha chuma kipya chaonekana na chaweza kuonyeshwa kwa wenzake kijiweni.

Atakaye kunikadhibisha, njia i wazi. Na anunue kwanza cheni mpya na sproketi mpya zenye meno yale yale ya asili, ajaze tangi mpaka shingoni, aende Voi na kurudi kwa kilomita 70 kwa saa, ajaze tena katika pampu ile ile na aandike lita zilizoingia. Kisha atie jino lake la kumi na tano, achukue mzigo wa uzito ule ule, arudie safari kwa mwendo ule ule, siku ambayo upepo haukubadilika, aniletee daftari lake.