Funguo za Kompyuta Ziwe Karatasini
Tarehe 19 Julai 2024, saa 12:09 asubuhi kwa saa za Gisenyi, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili moja bovu lililosomwa na draiva yake ndani kabisa ya kiini cha Windows. Kompyuta takriban milioni 8.5 zikaanguka. Faili lilisahihishwa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilikuwa zikizima kabla hata ya kushika mtandao, basi dawa ingezifikiaje? Fundi aliketi mbele ya kila moja akalifuta kwa mkono, na diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, alidaiwa kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Ofisi za mpaka wa Petite Barrière, benki na hospitali za Rubavu: chapisheni funguo zenu leo, mzihifadhi kabatini.