Kuokota taka hakutoshi, twende bunge la kaunti

Kila mwezi vijana wa kanisa letu na wenzetu wa msikitini hutoka na magunia kusafisha mtaro wa mtaa. Tunapiga picha, tunakunywa soda, tunaenda nyumbani. Baada ya siku mbili mtaro umejaa tena. Mara ya mwisho tulijitahidi kutenganisha maganda na chupa za plastiki, lori likaja likazimwaga zote pamoja. Kazi bure!

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zile zisizooza. Inazitaka pia kaunti zitunge sheria zao. Sasa mbona sisi tunaishia mtaroni?

Wanasiasa wanajua njia ya kanisani. Jumapili wako mbele, kipaza sauti mkononi, na mchango wa paa. Msikitini vivyo hivyo, hasa Ramadhani. Siku moja tu pasta au imamu awaulize: mswada wa taka umefika wapi? Sijamsikia yeyote akiuliza.

Mtasema sheria ni karatasi. Lakini mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 watu walilalamika, kisha wakazoea kwenda sokoni na kikapu. Faini iliogopwa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Kwa hivyo usafi ujao, nusu yetu tushike magunia, wengine tuzungushe karatasi ya sahihi. Naanza na waimbaji wa kwaya, wale hawakosi.