Mgeni Asiyeaga

Wako watu wasemao kwamba chembe za kaboni, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, zafaa kutiwa mishipani mwa mgonjwa bila hofu ili picha za viungo vyake zitoke waziwazi. Hoja yao ni hii: mwili wenyewe umejengwa kwa kaboni, basi kaboni haiwezi kuudhuru. Msomaji, usiikubali hoja hiyo. Sukari ina kaboni. Na hewa ya jiko la makaa, iwauayo walalao katika chumba kilichofungwa, ina kaboni pia. Jina la kitu si dhamana ya tabia yake.

Sisemi kwamba kaboni haina faida. Mwaka 1985 wataalamu Kroto, Curl na Smalley waligundua fulereni, tufe la atomu 60 za kaboni lililo wazi ndani kama mpira, na mwaka 1996 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Matufe makubwa zaidi ya jamii hiyo yaweza kufungia ndani yake madini ya gadoliniamu, yatumiwayo kung'arisha picha zipigwazo kwa mashine ya sumaku. Gadoliniamu iliyo huru ni sumu. Na mwaka 2006 ilibainika kwamba baadhi ya dawa zake zaweza kukakamaza ngozi ya wagonjwa wenye figo dhaifu. Kuifungia katika kizimba imara ni wazo la busara.

Lakini mwaka 2008 watafiti walitia mirija mirefu ya kaboni tumboni mwa panya, nayo ikaleta uvimbe katika utando wa ndani kama uletwao na nyuzi za asbesto. Mirija mifupi haikufanya hivyo. Kaboni ilikuwa ileile. Umbo ndilo lililotofautiana.

Wenye haraka hujibu kwamba picha zake ni nzuri. Hata picha za Thorotrast zilikuwa nzuri! Dawa hiyo ya thoriamu ilitumiwa katika nchi nyingi miaka ya 1930 na 1940. Wapo waliotahadharisha mapema kwamba thoriamu hutoa miali, lakini uzuri wa picha ukashinda maonyo. Thoriamu ikakaa katika ini za wagonjwa maisha yao yote, na baada ya miaka mingi saratani ikazuka. Daktari alipata picha kwa siku moja. Mgonjwa aliilipia kwa uhai wake.

Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dawa ya picha haina jembe la kushika mwilini: kazi yake ikiisha, na iage. Basi atusifiaye kaboni mpya atuonyeshe kwanza hutoka kwa njia gani, baada ya muda gani, na kiasi gani husalia. Asipoweza kujibu, kungoja si woga wala ujinga, bali ni heshima kwa mgonjwa. Nawe, msomaji, ambaye huenda kesho ukawa daktari au mtafiti, usitosheke kuuliza dawa yaonyesha nini. Uliza pia itakwenda wapi.