Bwana Rebmann wa Rabai na Kazi Yake ya Kila Siku

Watu wengi wakilisikia jina la Johannes Rebmann hukumbuka jambo moja tu, yaani ya kuwa alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Jambo hilo ni kweli, lakini lilikuwa jambo la asubuhi moja. Bwana huyo alitumika Afrika ya Mashariki kwa muda wa miaka 29, na nyingi katika siku zake hazikuwa za safari wala za sifa. Afadhali tutazame siku hizo za kawaida, kwa maana ndizo zinazoonyesha maisha ya mmishonari kijana katika ugeni yalivyokuwa.

KUFIKA KWAKE

Alizaliwa tarehe 16 Januari, 1820, katika kijiji cha Gerlingen, Ujerumani. Alifundishwa kazi yake katika chuo cha Basel, Uswisi, kisha London, akatumwa na chama cha C.M.S. Alipofika Mombasa mwezi wa Juni, 1846, alikuwa na umri wa miaka 26. Aliyempokea ni Dakta Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, ambaye alikuwa ametangulia mwaka wa 1844. Katika Julai ya mwaka ule ule wa kufika kwake, Krapf alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Basi kijana huyu alijua tangu mwanzo ya kuwa homa ya pwani haikuwa jambo la mzaha.

Mwezi wa Agosti, 1846, wote wawili walihamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, baada ya kupata idhini ya wazee wa mahali pale. Siku ya kupanda kilima wote walikuwa wagonjwa wa homa, na punda alikuwa mmoja tu, ikawa hupokezana kumpanda. Nyumba yao ilijengwa kwa desturi ya nchi: miti, udongo na makuti.

KUJIFUNZA MANENO

Kazi ya kwanza haikuwa kuhubiri, ilikuwa kusikiliza. Kwa lugha ya watu wa Rabai hakukuwa na kitabu wala mwalimu wa shule. Ilimpasa mgeni kuzungukia mashamba na vijiji, kuketi na watu, kuuliza, kuandika, na kesho kuuliza tena ili aone kama aliandika sawasawa. Majina ya vitu hayana taabu kubwa, kwa maana jembe huonyeshwa kwa kidole. Lakini neno kama toba au neema halionyeshwi kwa kidole. Mwenye kulitafuta lazima akae na watu siku nyingi, awasikie wakigombana na kupatana, wakizika na kuoza, mpaka ajue wenyewe husemaje.

SAFARI

Mwaka wa 1847 Bwana Rebmann alikwenda Kasigau katika nchi ya Wataita, na mwaka wa 1848 akaenda Uchaga pamoja na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, 1848, aliona weupe juu ya mlima mrefu. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, akajibiwa kwa neno moja: baridi. Habari hizo zilipopigwa chapa katika mwaka wa 1849, Bwana Desborough Cooley wa London, mtaalamu wa ramani ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alizikanusha. Mwaka wa 1862 Baron von der Decken aliupanda mlima huo kwa sehemu, na neno la Rebmann likathibitika.

Katika safari ya tatu, mwaka wa 1849, alikusudia kupita mpaka Unyamwezi. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimtoza vitu vyake kidogo kidogo hata safari ikashindikana. Kijana akalia mbele ya Mangi. Watu wakadhani analilia mali. Yeye akajibu ya kuwa halii kwa sababu ya vitu, bali kwa sababu ya kusudi la wale waliovitoa, ambao walitaka watu wa Uchaga waletewe kitabu cha Mungu. Akarudi Rabai, akaendelea na maneno yake.

MAVUNO MACHACHE

Mtu wa kwanza wa Rabai kubatizwa alikuwa Mringe, mtu kilema, ambaye alibatizwa mwaka wa 1851 akiwa katika ugonjwa wa kufa. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya yake. Rebmann alibaki. Mwaka huo wa 1853 alianza kuandika maneno ya lugha ya watu wa Nyasa kwa msaada wa Salimini, mtu aliyetekwa utumwani akaletwa pwani. Mkewe Emma, aliyemwoa mwaka wa 1851, alifariki mwaka wa 1866. Macho yake nayo yakaanza kuharibika. Sir Bartle Frere alipofika mwaka wa 1873 alimkuta mzee karibu kipofu, amezama katika kamusi zake, na Wakristo walio pamoja naye ni wachache sana.

Wako waliomlaumu. Walisema ya kuwa mtu aliyetumwa kuhubiri hapaswi kumaliza maisha yake katika kuandika maneno. Lawama hiyo haikukosa sababu, kwa maana waliotoa fedha Ulaya walingoja habari za watu waliobatizwa, wakaletewa habari za herufi na maana. Hata hivyo tutazame yaliyofuata. Bwana Rebmann alirudi Ulaya mwaka wa 1875, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, akafariki huko Korntal tarehe 4 Oktoba, 1876. Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili ilipigwa chapa mwaka huo huo wa 1876. Kamusi aliyoiandika pamoja na Salimini ilitoka mwaka wa 1877. Kamusi ya lugha ya Rabai, ambayo yeye na Krapf waliianza katika ile nyumba ya makuti, ilitoka mwaka wa 1887, na mwaka huo huo kanisa la mawe likajengwa Rabai.

Karani anayetunza daftari vizuri hajui ni nani atakayelifungua baada ya miaka 20. Mkulima anayepanda minazi uzeeni anajua ya kuwa nazi zake zitaangushwa na wajukuu. Kazi ya namna hiyo ina uchungu wake, kwa maana mwenye kuifanya husikia lawama leo na hayuko siku ya shukrani. Rebmann aliyasikia maneno ya Cooley na ya wenzake pia, na kila asubuhi alirudi kuketi na watu wa Rabai na kuwauliza neno jingine.